Buda, Hiyo Muvi Hukuiona

Wasee, leo sina ile salamu ya kawaida. Nimekasirika, na wa kwanza kwenye foleni ya kukasirikiwa ni mimi mwenyewe, kwa hivyo msinirukie kabla sijamaliza.

Ijumaa iliyopita nilikuwa kinyozi, hapa Huruma. Mnajua vile kinyozi hukaa: mmoja ananyolewa, saba wamekalia benchi na hakuna hata mmoja wao anangoja kunyolewa, TV iko juu kwenye kona, na mdomo unafanya kazi kuliko mashine. Siku hiyo haikuwa mpira wala siasa. Ilikuwa muvi. Mmoja anasema muvi za siku hizi zote ni kompyuta, hakuna mtu anaruka kweli. Mwingine anamjibu ati za zamani ni watu kutembea polepole na kuvuta sigara. Mzee wa viatu, ambaye kibao chake kiko nje ya mlango lakini masikio yake yako ndani, akasema tangu Amitabh Bachchan azeeke yeye hajaona mwanaume kwenye skrini. Hapo kila mtu akawaka. Enyewe hii ndiyo raha yangu kubwa: watu kubishana juu ya muvi bila pesa mezani, bila mshindi, mpaka chai ipoe.

Halafu jamaa mmoja wa kofia nyekundu akaingilia na Parasite.

"Hiyo kitu mnaisifia nini? Mimi naipa nne kwa kumi. Ni maskini wanaingia kwa nyumba ya matajiri mmoja mmoja. Kijana anapata kazi ya kufundisha mtoto wa tajiri hesabu, anamleta dadake, anamleta budake, anamleta mathake, wanashikwa, watu wanadungana visu, imeisha. Si hata Riverwood wanaweza?"

Watu wakacheka, wengine wakakubali. Mimi nikaganda.

Hesabu?

Kwa wale hawajaiona: Parasite ni ya Bong Joon-ho, Mkorea, ya 2019. Mwaka uliofuata ilichukua Oscar ya filamu bora, na ilikuwa mara ya kwanza kwa filamu isiyo ya Kingereza kuichukua hiyo. Na yule kijana, Ki-woo, hafundishi hesabu. Anafundisha Kingereza. Lugha ya watu wenye pesa. Hiyo si kitu ndogo kwenye hiyo stori. Hakuna mtu ameketi dakika 132 akaitazama akatoka na neno hesabu.

Lakini mimi nilijua hesabu imetoka wapi. Imetoka kwangu.

Mwaka jana nilitengeneza rikapu ya Parasite. Zile video mnazipenda, muhtasari wa muvi nzima kwa dakika mbili, sauti yangu juu, muziki wa kutisha chini, "huyu jamaa hakujua kitakachomfika". Ilikuwa rikapu yangu iliyotazamwa kuliko zote. Na ndani yake, sekunde ya kumi na kitu hivi, nasema kwa ujasiri wote kwamba kijana anafundisha hesabu. Nilikosea kwa sababu moja tu. Sikuwa nimeiona. Nilicheki rikapu mbili za watu wengine, nikachanganya, nikaongeza mbwembwe, nikaweka. Nilifanya muhtasari wa muhtasari. Sasa huyu jamaa ameutoa kwangu, ameupeleka kinyozi, na kesho kuna mtu wa kwa hiyo benchi ataupeleka kwake. Tuko watu wengi tunabishana juu ya muvi ambayo kwa huo mlolongo wote huenda hakuna hata mmoja ameitazama.

Na tumeipa nne kwa kumi.

Nilitoka campus mwaka wa pili. Karo ilikuwa sababu, na sababu nyingine tuziache. Lakini kuna elimu moja nilihitimu: mwakenya. Kama hukusoma hapa Kenya acha nikueleze, ni kile kikaratasi kidogo unaandika majibu kwa herufi za sisimizi, unaficha kwa soksi, unaingia nacho kwa mtihani. Uzuri wa mwakenya ni kwamba unapita. Ubaya wake ni kwamba ukitoka pale nje huna chochote, na mbaya zaidi, unaanza kuamini unacho. Niliwahi kupata alama nzuri kwa somo ambalo leo siwezi kukuambia hata lilihusu nini.

Rikapu ni mwakenya wa sinema. Inakupitisha mtihani wa kinyozi. Unajua nani alikufa, nani alikuwa msaliti, nani alikuwa mzimu muda wote. Unaweza kuinua mkono na kutoa alama. Lakini hukuiona, buda. Umesimuliwa, na aliyekusimulia alikuwa mimi, na mimi nilikuwa nadanganya.

Najua jibu lenu la kwanza. "Si stori ni stori? Nikijua ilivyoisha nimekosa nini?" Sawa. Twende Titanic, ya 1997. Ni nani duniani aliingia kuiona bila kujua meli inazama? Watu walilipa, wakakaa masaa matatu na zaidi, wakangojea meli wanayojua inazama izame, halafu wakalia. Wengine wakarudi tena wiki iliyofuata wakalia tena pale pale. Kama utamu ungekuwa mwisho, hiyo muvi ingeshindwa siku ya kwanza.

Hitchcock alipotoa Psycho mwaka 1960 aliweka sharti kwenye majumba ya sinema: ikishaanza, hakuna kuingia. Ukichelewa ungojee onyesho lijalo. Wakati huo watu walizoea kuingia tu katikati, wakae, waunganishe mambo baadaye. Yeye akakataa, kwa sababu mtu anayeingia baada ya saa moja hataelewa kwa nini wenzake wameshika viti. Aliyekuwa ndani tangu mwanzo amemzoea mhusika fulani, ameanza kumwonea huruma, ameanza kuomba asishikwe na polisi. Kisha linatokea lile jambo la bafuni. Rikapu yangu ya Psycho (ndiyo, nilifanya pia) inafika bafuni kwa sekunde ishirini. Ulikuwa hujapata hata muda wa kumjua jina.

Lakini iliyonibadilisha mimi kabisa ni 12 Angry Men. Ya 1957, nyeusi na nyeupe, mwongozaji ni Sidney Lumet. Wanaume kumi na wawili wamefungiwa chumba kimoja wanaamua kama kijana auawe kwa kosa la kumuua babake. Karibu muvi yote ni hicho chumba. Hakuna gari linalipuka, hakuna hata msichana wa kupendwa. Rikapu yake ni rahisi kuliko zote: mmoja anasema kijana huenda hana hatia, kumi na mmoja wanasema ana hatia, wanabishana, wanageuka mmoja mmoja. Sekunde thelathini. Niliiandika hivyo kwa daftari langu ndiyo nirekodi.

Ile siku stima ilikuwa imerudi baada ya kupotea mchana kutwa, na intaneti ilikuwa imekataa, nikawa nimebaki na faili yenyewe tu kwa laptopu. Nikaitazama kwa kukosa cha kufanya. Kufika katikati nilikuwa natoka jasho, wasee, mtu mzima peke yake kwa bedsitter. Sikuelewa kwa nini. Baadaye nikasoma vile Lumet alifanya: mwanzo kamera iko juu ya macho ya watu, katikati iko sawa na macho, mwisho iko chini inaangalia juu mpaka unaona dari. Na lenzi anabadilisha polepole kuelekea zile ndefu zinazovuta ukuta uje karibu na migongo yao. Kwa hivyo chumba kinazidi kuwa kidogo na hakuna mtu anakuambia. Unahisi tu hewa inapungua. Sasa niambie, hiyo nitaikata vipi iwe kwa sekunde thelathini? Dari haiwezi kushuka kwa sekunde thelathini. Inahitaji dakika 96 na wewe kukaa pale.

Hii ndiyo sababu mnasema muvi za zamani ni slow. Si slow. Wewe umeizoea ile spidi ya kubonyeza mara mbili, watu wakiongea kama panya, halafu unalalamika ati hukusikia huzuni.

Sasa naona mmoja wenu ameshaanza kuandika: "Wewe ulilelewa na DJ Afro, kwani hizo hazikuwa rikapu?"

Asante kwa kuuliza, hapa ndipo nilitaka tufike.

Ndiyo, nililelewa na DJ Afro. Kibanda chetu kilikuwa cha mabati, benchi za mbao, pazia jeusi mlangoni, na TV ambayo ilipigwa kofi kila baada ya nusu saa. Ulilipa shilingi kumi, na kama huna kumi ulichungulia kwa tundu la msumari mpaka mwenye kibanda akutie mchanga machoni. Mathe alinichapa kwa sababu ya hicho kibanda zaidi ya sababu nyingine zote zikiwekwa pamoja. Hapo ndipo niliona Commando, Schwarzenegger amebeba gogo begani kama mtu amebeba mwavuli, na juu yake sauti ya DJ Afro ikitupa majina ya mtaani, ikimtusi adui kabla sisi tumtusi, ikituonya steringi amekasirika na leo kuna mtu atalala na viatu. Mpaka leo nikiiona Commando kwa Kingereza chake nahisi imetafsiriwa vibaya.

Lakini angalieni alichofanya. Hakupunguza. Aliongeza! Ulikaa muvi yote, kutoka gogo mpaka mwisho. Pale ambapo mzungu ananyamaza, yeye anajaza. Pale ambapo hatukuelewa kwa nini mtu amekasirika, anatuelezea kwa mfano wa landlord. Aliitazama yeye kwanza, akaipenda, ndiyo akakalia kiti kile cha kutusimulia. Na sisi tulikuwa watoto arobaini kwa joto moja, tukipiga kelele pamoja, na ukitoka nje unabishana na watu ambao mlikuwa nao ndani, kwa hivyo hakuna mtu angeweza kukudanganya ati kijana alikuwa anafundisha hesabu. Ungezomewa mpaka Mathare.

Na si sisi tu. Tanzania walikuwa na Lufufu, Uganda wana VJ wao, na ukitaka kuona VJ akiwa na wazimu mzuri kabisa tafuta Who Killed Captain Alex? ya Wakaliwood, ya 2010, usikilize VJ Emmie anavyofanya. Wajapani walikuwa nao zamani zile za filamu bila sauti, wakiwaita benshi, mtu anasimama kando ya skrini anaongea na kuigiza sauti zote. Kuna wateja walichagua sinema kwa kufuata benshi, hawakujali hata ni muvi gani. Kaka mkubwa wa Akira Kurosawa, yule wa Seven Samurai, alikuwa benshi. Kwa hivyo mtu akikucheka ati ulijulia muvi kwa kibanda, mwambie ulikuwa na darasa ambalo Kurosawa mwenyewe alilipata nyumbani kwao. Hao wa kucheka nao nitawafikia.

Tofauti kati ya DJ Afro na mimi ni hii: yeye alikuingiza ndani ya muvi, mimi nilikuwa nasimama mlangoni nakuambia hakuna haja ya kuingia.

Jibu la pili ni pesa na muda. Hili siwezi kulicheka. Tiketi ya mall, nauli ya kwenda na kurudi, na bisi zinazouzwa kwa bei ya madharau, hiyo ni unga wa wiki kwa nyumba nyingi hapa mtaani. Na majumba ya sinema yenyewe tuliyapoteza kabla tuzaliwe. Tunamwambia makanga "nishushe Odeon" na hakuna anayejiuliza Odeon ni nini. Ilikuwa sinema. Globe pale raundabauti, ilikuwa sinema. Mji mzima unapanda matatu kwa makaburi ya sinema. Mzee wa viatu anasema aliiona Sholay mjini akiwa kijana, masaa matatu na kitu, na watu walienda wamevaa suti. Nikamuuliza, "Mzee, hamkuchoka?" Akaniangalia vile mtu huangalia kiatu kisichoweza kushonwa. "Kijana wangu, tulichoka ilipoisha."

Lakini muda? Wewe? Nimeona ripoti ya simu yangu. Siku ile nilisema sina dakika 96 nilikuwa nimekaa masaa matano nikipitisha kidole. Hiyo ni Sholay moja na 12 Angry Men moja. Na kama ni pesa, kuna kazi nyingi za zamani ziko wazi bure kwa haki kabisa. Night of the Living Dead ya 1968, baba wa mazombi wote mnaowapenda, wasambazaji walisahau kuweka alama ya hakimiliki ilipotoka, ikawa mali ya umma Marekani tangu siku ya kwanza. Goethe-Institut na Alliance Française pale mjini huonyesha filamu mara kwa mara, na mimi nimewahi kukaa kule na suruali yenye tope hadi magotini na hakuna mtu aliniuliza swali. Bundles unazochoma kwa rikapu ishirini zinatosha muvi moja. Fanya hesabu. (Hiyo ndiyo hesabu pekee kwenye hii stori.)

Ngoja sasa niseme lile ambalo limekuwa likinichoma, na ndiyo maana nimeandika badala ya kurekodi.

Miezi michache imepita, dada mmoja alinitumia ujumbe. Alifanya kazi kwenye filamu moja ndogo ya hapa nyumbani, jina nitaliacha, watu wake wameshaumia vya kutosha. Nilikuwa nimeifanyia rikapu wiki ile ile ilipoanza kuonyeshwa. Yeye alikuwa mtu wa sauti. Aliniita "kaka", kwa ile heshima ya mtu aliyekasirika sana. Akasema, kaka, kuna eneo la mvua kwenye hiyo filamu. Tulingojea mvua ya kweli siku tisa kwa sababu mwongozaji alitaka mvua ya mabati, si ya kompyuta. Nilisimama na fito ya maiki mikono ikitetemeka nikainasa. Wewe umechukua hiyo picha, ukatoa sauti yangu, ukaweka muziki wako. Na watu chini pale wanakushukuru ati umewaokolea pesa.

Nikarudi kuangalia. Kweli, walikuwa wananishukuru. "Umetuokolea." "Sasa sina haja." Mmoja aliandika ya kwamba muvi za Kenya hazina sauti nzuri. Alikuwa anasikia muziki wangu, wasee. Sauti nzuri niliitoa mimi.

Sikumjibu yule dada kwa siku nne. Siku ya tano nikaifuta video, nikamwambia pole, akaandika "sawa" peke yake. Sijui kama nilimkosesha tiketi kumi au elfu. Lakini filamu ya Hollywood ikifanyiwa rikapu haisikii kitu, ni mbu kwa ndovu. Ya kwetu inaonyeshwa ukumbi mmoja au miwili, wiki moja au mbili, na hiyo wiki ndiyo maisha yake yote. Mimi niliichukua hiyo wiki nikaila kwa dakika mbili.

Ndiyo maana nikisikia mtu anasema muvi za Kenya hazina kitu, siku hizi nauliza kwa upole: ulitazama gani? Nairobi Half Life, 2012, wengi mnaijua kwa kipande cha ile choo cha seli. Kipande tu. Mnajua inaanzaje? Mwas yuko kijijini anauza muvi, na ili mtu anunue, anaziigiza. Anakuwa steringi, anakuwa adui, anakuwa risasi. Anakuonjesha ndiyo uende nyumbani ukaitazame. Huyo ndiye alikuwa anafanya kazi yangu vizuri kuniliko. Supa Modo ya Likarion Wainaina, 2018, dakika 74, fupi kuliko hata mechi ya mpira: mtoto anaitwa Jo ni mgonjwa sana, anapenda masuperhero kupita kiasi, na kijiji kinaamua kumtengenezea muvi yake. Hapo nimefika mwisho wa nitakachosema. Mkinitoa roho sisemi kinachofuata.

Na nyinyi wa upande wa pili, wenye kucheka vibanda, mnaosema "filamu" kwa pua na mna orodha ya muvi mia moja za Kifaransa: msidhani nawatetea. Nyinyi mmeona, sawa, lakini mkikaa na watu kazi yenu ni kuwaaibisha. Mtu akisema anapenda Fast and Furious mnamwangalia kama amekojoa sebuleni. Ni nyinyi mliofanya watu waogope kusema "sijaiona hiyo", wakakimbilia kwangu nyuma ya pazia niwape mwakenya. Nusu ya wateja wangu mliniletea nyinyi. Ongeni na mpungue.

Turudi kinyozi.

Sikumwaibisha yule jamaa wa kofia pale pale, kwa sababu ningejiaibisha mimi. Jumapili nikarudi na flash. (Ndiyo, flash. Najua. Hiyo ni kesi nyingine na nitahukumiwa nayo siku yake. Za Kenya angalau nalipia.) Nikamwomba mwenye kinyozi atuwekee Parasite. Akasema mradi wateja wasikimbie. Tulikuwa watu sita, mzee wa viatu akavuta kibao chake akaingia ndani kabisa.

Shida ikawa maandishi ya chini. TV ni ndogo, mzee hana miwani, na jamaa wengine kutoka benchi ya nyuma hawaoni kitu. "Wewe si ndiye unaongeanga," mzee akaniambia. "Tusomee." Nikaanza kusoma kwa sauti, Kingereza nikikigeuza Kiswahili papo hapo, baadaye nikigeuza Sheng, na bila kujua nikawa nampa kila mtu sauti yake. Kile chumba chao cha nusu chini ya ardhi, watoto wameinua simu juu kutafuta wifi ya jirani mpaka wanaipata kando ya choo, watu wakaanza kucheka kicheko cha kujuana. Halafu rafiki wa Ki-woo akaja kumpa dili ya kufundisha yule msichana tajiri. Nikafika pale. Nikameza mate.

"Anaenda kumfundisha... Kingereza."

Jamaa wa kofia akageuka polepole. "Kwani si hesabu?"

"Ni Kingereza."

"Na yule msee wa rikapu?"

"Yule msee ni mimi. Sikuwa nimeiona."

Walinicheka wasee, walinicheka mpaka mwenye kinyozi akasimamisha picha. Mzee akaniuliza kama viatu vyangu pia nimesimuliwa. Nilistahili. Kisha wakaniambia nisome.

Tuliendelea hivyo zaidi ya saa nzima. Kati ya hapo mteja akaingia, akaketi kiti cha kunyolewa, mashine ikawashwa, na sikumbuki nani alikuwa nani, mpaka mvua ikaanza kwenye muvi. Ile familia inatoka nyumba ya matajiri juu mlimani, usiku, inakimbia chini. Ngazi. Ngazi zingine. Maji yanateremka nao kwenye kila ngazi. Kwa rikapu yangu hii ni sekunde nne: "wanarudi nyumbani wanapata kumefurika." Kwenye muvi wanashuka, na wanashuka, mpaka unaelewa umbali kati ya juu na chini ni mrefu kiasi gani, na unaanza kujua kitakachokuwa huko chini kabla wafike. Wanapofika maji ni ya kifua, ni ya choo, na kila mtu mtaani anabeba alichoweza.

Nilikuwa sisomi tena kitu. Hakukuwa na cha kusoma. Mashine ya kunyoa ilikuwa imezimwa na sikuwa nimesikia ikizimwa.

Huku kwetu mnakumbuka Aprili ya 2024. Mnakumbuka Mathare River ilivyopanda usiku, na magodoro yaliyoanikwa juu ya mabati wiki nzima baadaye, na tingatinga zilizokuja baada ya maji. Jamaa wa kofia wakati huo alikuwa anakaa chini kule karibu na mto, na mathake. Hiyo mimi sikuijua. Aliisema mwenye kinyozi, polepole, bila mtu kumuuliza, na yeye mwenyewe hakuongeza neno.

Asubuhi inayofuata kwenye muvi, mwanamke tajiri yuko nyuma ya gari na simu sikioni, anapanga sherehe ya mtoto, anafurahia ile mvua ya jana, ati imesafisha hewa. Dereva anayemsikiliza ni baba wa ile familia, alilala sakafuni pamoja na waliofurikiwa. Nilisoma hilo eneo kwa sauti ya kawaida kabisa, bila mbwembwe, na mzee wa viatu akasema tu, "Ehe."

Ilipoisha hakuna mtu aliinuka. Nikamuuliza jamaa wa kofia, na sikuwa namchokoza, "Sasa unaipa ngapi?"

"Ngoja kwanza," akasema.

Yule mteja kwenye kiti akakumbuka kichwa chake kimenyolewa upande mmoja. Mashine ikawashwa. Mzee akavuta kibao chake kurudi nje, akasema Jumapili ijayo ataniletea Sholay na kama nitaisoma kwa haraka atanipiga na soli. Rikapu zangu zote nimeshazifuta jana usiku. Mlioniuliza kwa nini akaunti imepungua, ndiyo hiyo sababu.